Ombi la Kurudishiwa Jalala Letu

Kwa Mheshimiwa Liwali wa Mkoa,
Ofisini kwako, ghorofa ya pili, mlango wa kulia.

YAH: KURUDISHIWA JALALA LA MTAA WA BIR LOUZ, LIKIWA ZIMA AU KWA VIPANDE

Mheshimiwa,

Salamu na heshima nyingi. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kiti chako kikiwa bado chini yako, maana tangu mapinduzi viti vya wakubwa nchini Tunisia haviishi kuteleza.

Mimi ni Lamjed Ouertani, karani mstaafu wa posta na mwenyekiti wa Jumuiya ya Raia Hai ya mtaa uliotajwa hapo juu. Tulipeana mikono ulipotutembelea. Mimi ndiye niliyeung'ang'ania mkono wako mpaka mpiga picha akasema basi, imetosha.

Ombi langu ni dogo. Mtaani kwetu, kando ya ukuta wa shule ya msingi, palikuwa na jalala. Sasa halipo. Naomba lirudi. Alhamisi ijayo wageni wa Taasisi inayotufadhili watakuja kulitazama kwa macho yao, ili waidhinishe awamu ya pili ya mradi wetu uitwao "Sauti ya Raia Dhidi ya Taka". Sauti ipo. Raia yupo, ndiye mimi. Taka ndizo hazipo. Wageni wakikuta ukuta mtupu na mche wa mlozi unaomwagiliwa maji ya kuoshea vyano vya unga, hapatakuwa na awamu ya pili, wala jumuiya, wala mwenyekiti.

Usidhani ni tamaa ya cheo tu, ingawa tamaa ya cheo imo. Maisha yangu yote ya kazi nimekaa nyuma ya kidirisha cha posta nikigonga mihuri, katika nchi iliyokuwa na mwenyekiti mmoja tu, naye picha yake ilining'inia juu ya kichwa changu. Yule bwana alipopanda ndege yake akaikimbia nchi, picha ikashushwa, ikaacha alama nyeupe ukutani. Wiki ile ile nilishika maikrofoni kwa mara ya kwanza, mbele ya mkahawa wa Mokded. Nilisema, "Ndugu wananchi," nikasahau yote mengine. Watu wakapiga makofi. Tangu siku ile, Mheshimiwa, sijapona.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Jalala liliondolewa bila kumshirikisha mdau mkuu. Mimi na jalala lile tulianza uraia pamoja. Baraza la mji lilivunjwa baada ya mapinduzi, lori la taka likakosa mwenyewe, na kabla mwaka haujaisha mimi nilikuwa na jumuiya na shule ilikuwa na kilima. Nimepigwa picha mbele yake, mikono kifuani, uso wa uchungu, na nyuma yangu lile sofa la kijani lililotupwa na mtu asiyejulikana (shemeji yangu). Picha hiyo iko kwenye jalada la andiko la mradi. Nimelifanyia jalala lile utafiti, ramani, dodoso na kongamano. Ni kweli kwamba sikuwahi kuliondolea hata mfuko mmoja, lakini andiko letu halikuwa na kipengele cha kuondoa. Lilikuwa na kipengele cha kuhamasisha.

2. Walioliondoa hawajasajiliwa. Ni wanawake wa mtaa, wakiongozwa na, na hapa ndipo sheria inapovunjika, wakiongozwa na hakuna mtu. Kila kiangazi hupanda juu ya paa la mama mkwe wangu, Bi Mannoubia, wakaketi kuzunguka vyano, zile sinia za mbao, vyenye unga wa ngano, wakausokota kuwa punje za kuskusi ya mwaka mzima na kuianika juani juu ya mashuka meupe. Miaka yote hiyo nilidhani wanasokota kuskusi. Kumbe ni mkutano mkuu. Hawana katiba, hawana akidi, hawana muhtasari wa kikao kilichopita. Wote husema kwa pamoja, na jambo huamuliwa kabla aliyelianzisha hajalimaliza. Nilimuuliza mke wangu, Dalenda, mwenyekiti wao ni nani.

"Mwenyekiti wa nini?" akasema. "Sisi tuna chekeche."

3. Chanzo cha uasi wao ni jivu. Watu wa manispaa, kwa kukosa lori, walikuwa wakilichoma jalala moto. Moshi uliingia darasani, watoto wakakohoa hadi mwalimu akaziba madirisha kwa magunia. Jivu lenyewe lilipanda juu ya mapaa na kutua kwenye mashuka. Kuskusi ya mwaka jana ilikuwa na ladha ya tairi. Niliila majira yote ya baridi na kuisifu, maana nimeoa siku nyingi. Mwaka huu, Bi Mannoubia alipoona jivu likitua juu ya punje alizokuwa amezisokota tangu asubuhi, hakuitisha kongamano. Alisema tu, "Binti zangu, kunjeni. Tunahamia penye hewa safi."

Mheshimiwa, hewa safi ya mji wetu iko kwenye jengo la manispaa. Walitandaza mashuka juu ya ngazi zote, barazani, na kwenye njia ya mlango wa nyuma. Wakamwaga kuskusi. Wakafungua miavuli, wakaketi, wakaanza kusengenya.

4. Hapa nalalamikia matumizi ya neema dhidi ya serikali. Wewe ni mtu wa hapa hapa, unajua. Hakuna mtu wa mji huu, awe mcha Mungu au mlevi, anayekanyaga nafaka. Kipande cha mkate kikianguka njiani tunakiokota, tunakibusu, tunakiweka juu ya ukuta. Sasa fikiria riziki ya mtaa mzima imelala mbele ya mlango wa ofisi. Bwana Chokri, mkuu wa Kamati Maalumu ya manispaa iliyowekwa mahali pa baraza lililovunjwa, alikuwa ndani. Alifungua mlango, akainua mguu mmoja, akatazama chini, akabaki hivyo hivyo kama korongo juu ya mnara.

"Shangazi, sogezeni kidogo nipite," alisema.

"Pita, mwanangu," akajibu Bi Mannoubia. "Nani kakuzuia? Kanyaga."

"Nitakanyagaje neema, shangazi?"

"Basi ngoja ikauke."

"Itakauka lini?"

"Inategemea lori."

Waliitwa polisi wawili. Mmoja alifika akavua kofia. Wa pili alimkuta mama yake mzazi ameshika chekeche. "Umekuja kunikamata au kunisaidia?" mama akamuuliza. "Haya, nipe hicho chano." Akampa. Kabla ya sala ya alasiri, lile lori la taka ambalo mafundi wote walisema limekufa, likafufuka. Likabeba jalala, mzigo baada ya mzigo. Sofa la kijani lilipanda mwisho, na nasikia lilipigiwa vigelegele.

5. Nasikia, kwa sababu mimi sikuwapo. Nilikuwa hotelini, pwani, kwenye warsha iitwayo "Mbinu za Kuketi kwa Amani Mbele ya Majengo ya Umma". Tulibandika vikaratasi vya rangi ukutani. Tuligawanywa katika makundi, kundi langu likaigiza ngazi. Na asubuhi ile ile nilisimama mbele ya washiriki wote, nikaeleza kwa masikitiko kwamba wanawake wa mtaa wangu bado hawajaamka, wanahitaji kujengewa uwezo. Mwezeshaji alitikisa kichwa kwa huruma. Ndipo simu ikaita. Alikuwa Mokded wa mkahawani.

"Ami Lamjed, uko wapi?"

"Warshani."

"Warsha ya nini?"

Nikamtajia jina lake lote. Alicheka mpaka nikasikia kikombe kikivunjika. "Basi mwulize mwalimu wako," akasema, "kuskusi inafundishwa somo la ngapi?"

Nilirudi na cheti. Mkahawani wakasimama wote, wakaja kunipa mkono mmoja mmoja. "Pole na msiba, Mwenyekiti." "Marehemu alikuwa jalala la watu." "Sisi sote njia yetu ni moja, Ami, ukuta wa shule." Tangu hapo kahawa yangu huletwa kimyakimya, kama ya mfiwa.

6. Nilijaribu suluhu. Nilipanda juu ya paa nikiwa na kadi za uanachama na bango la mradi, nikawatangazia kwamba Jumuiya iko tayari kuwapokea kama tawi lake la wanawake, na kuyaripoti mafanikio yao chini ya jina letu. Walisikiliza vizuri sana. Kisha Dalenda akauliza:

"Jumuiya yenu inaitwaje vile?"

"Raia Hai."

"Basi kama u hai, shika hapa." Akanipa pembe ya shuka, upepo ulikuwa umeanza.

Nikamkumbusha kwamba nimefika pale kama mwenyekiti.

"Upepo haujui," akasema.

Nilishuka ngazi kwa heshima zangu zote, na unga magotini.

Kwa hiyo, Mheshimiwa, naomba kwa unyenyekevu:

(a) Jalala lirudishwe kabla ya Alhamisi, pamoja na sofa. Kama lile la asili limeshafukiwa, tutapokea la mtaa mwingine, mradi liwe limepuuzwa kwa muda wa kutosha.

(b) Kuskusi iwekwe katika orodha ya vitu visivyoruhusiwa kubebwa kwa wingi karibu na ofisi za serikali, isipokuwa ikiwa imepikwa.

(c) Mapaa yote ya mkoa yasajiliwe kama asasi, yawe na mweka hazina na mlango wa dharura.

(d) Hayo yakishindikana, niteuliwe mimi kuwa mwenyekiti wa wanawake hao, kwa barua yenye muhuri wako. Si lazima waambiwe.

Najua utasema: bwana huyu si alitoka barabarani na wenzake wakipiga kelele kwamba viongozi wasiteuliwe tena kutoka juu? Nilitoka, na sauti ilinikauka kwa kelele. Ila siku ile tulipodai kwamba kila mtu awe na neno lake, nilijiona mimi nikiwa na neno, na kila mtu akiwa kimya ananisikiliza. Sikuwaza kwamba kila mtu ni pamoja na mama mkwe.

Nisalimie jamaa zako wote, na karani wako wa mapokezi anayezipanga barua zangu kwa rangi ya bahasha. Bi Mannoubia anakusalimu pia, anauliza kama bado unapenda kuskusi ya kondoo na malenge, kama ulivyokuwa ukiipenda zamani kwa bibi yako. Mtaa mzima unakutakia afya, ukiondoa mmoja wawili.

Wako katika uraia,

Lamjed Ouertani
Mwenyekiti (kwa sasa)

Tanbihi: Barua hii imelala mezani siku kadhaa nikiipamba, na katika muda huo ombi (a) limekubaliwa kabla hujalisoma. Lori halikuja juzi, wala jana. Bwana Chokri anasema limechukuliwa na ofisi yako kubeba viti vya kongamano la mkoa kuhusu uraia hai. Leo asubuhi nimeikuta mifuko ya kwanza kwenye ukuta wa shule, mmoja umeuegemea mche wa mlozi na kuuvunja tawi. Nilikuwa na kamera. Nikasimama mahali pangu pa siku zote, nikataka kuupanga ule uso wa uchungu, nikaona safari hii hauhitaji kupangwa. Nikaubeba ule mfuko, nikaurudia mwingine. Wa pili ulivujia suti yangu ya warsha.

Kwa hiyo tafadhali usiyajali yote niliyoandika hapo juu. Wanawake wamekwisha kufua mashuka. Waliniuliza ngazi za ofisi yako zina upana gani, kwa kuwa hakuna mtu mtaani aliyezipanda mara nyingi kuliko mimi na barua zangu. Nimewaambia zinatosha, na zinapigwa jua tangu asubuhi. Tutafika Alhamisi. Wageni wa Taasisi nimewaelekeza waje huko huko. Usihangaike na itifaki ya kumpokea mwenyekiti, hakuna. Mimi nimepewa pembe ya shuka, upande wa upepo, na naambiwa nikiishika vizuri nitaachiwa hiyo hiyo mwakani.

Nawe ukitaka kuingia ofisini kwako, Mheshimiwa, pita tu. Nani kakuzuia?