Kibao cha Kuchomoka

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Siku ya neema! Nimepata kazi kwa Tajiri. Si kwa Tajiri mwenyewe, kwa Wakfu wake, lakini ni yale yale. Afisa Habari wa Wakfu, binti mwenye viatu vyeupe visivyojua vumbi, amekuja hadi kibandani kwangu kutafuta mwandishi wa mabango. Nikamwambia amefika. Sikumwambia kwamba brashi zangu zimekauka wiki ya tatu sasa.

Kazi yenyewe: Tajiri anatoa mashine za oksijeni kwa hospitali sita. Kwenye mashine liandikwe jina lake, kubwa, na chini yake jina la hospitali, dogo. Hospitali ya kwanza ni hii yetu. Wodi ya kifua! Ndimo alimolala mke wangu tangu Januari. Nimekosea. Ndimo alimokaa. Kulala chali hawezi, pumzi inakata. Anasinzia ameegemea mito mitatu, na mtungi wa oksijeni wanapokezana wagonjwa watano.

Nikauliza, kama mtu asiye na haja, mashine itawekwa kitanda kipi. Afisa akasema itakaa kwa mgonjwa atakayepigwa picha na Tajiri siku ya Jumamosi. Bado hawajamchagua.

Nilijifanya hamnazo. Moyo ulikuwa unaruka kamba.

Jumanne, tarehe 4 Machi

Nimempelekea mke wangu mpango. Picha moja, tabasamu moja, na mashine ni yake. Akanisikiliza hadi mwisho, kisha akaniuliza kama nakumbuka barakoa.

Nakumbuka, kanisimulia mara mia. Alifanya kazi miaka kumi na minane kwenye kiwanda cha nyuzi cha Tajiri huyuhuyu. Vumbi la pamba lilikuwa linaelea humo mchana kutwa. Barakoa zilikuwepo, nzuri tu, ila ziligawiwa siku ya wageni. Wageni wakishaondoka, msimamizi anasimama mlangoni na ndoo, kila mtu anatumbukiza yake. Nikamwambia hayo yamepita, watu hubadilika. Akasema, “Sawa, Fundi.” Ananiita Fundi tangu siku za uchumba. Akinipenda, Fundi. Akinichoka, Fundi.

Nina mpinzani. Kitanda cha kumi na moja yuko mama mmoja aliyekuwa anasokota nyuzi pamoja na mke wangu. Nimempa jina Bibi Tarumbeta. Anakohoa mpaka vikombe vinacheza! Afisa akimsikia huyo, sisi tumekwisha.

Jumatano, tarehe 5 Machi

Nimekwenda kunyoa kwa shemeji, mdogo wake mke wangu. Kosa. Kinyozi huyu anapenda siasa kuliko wembe. Redio ilikuwa inatangaza kwamba Tajiri ameahidi kutoa nusu ya mali yake kwa wanyonge. Mteja mmoja akauliza hiyo nusu aliipata wapi. Mwingine akasema mwenyekiti wa Wakfu ni mkewe na katibu ni mwanawe, kwa hiyo pesa inatoka mfuko wa kulia inaingia wa kushoto. Wakacheka. Shemeji akasema huyo mtu kamvua dada yake shati, sasa anamrudishia kifungo, na sisi tunapiga makofi.

Nikamtetea Tajiri. Lazima, nina rangi zake kibandani. Nikasema ni rahisi kumsema mtu anayetoa kuliko kutoa. Shemeji akaweka wembe chini. Akasema nikamalizie kunyolewa huko huko kwenye Wakfu.

Nimerudi nyumbani na ndevu upande mmoja. Nimejinyoa mwenyewe upande wa pili. Damu kidogo.

Alhamisi, tarehe 6 Machi

Leo nimeonyesha kipaji!

Afisa alitaka niandike jina la hospitali moja kwa moja kwenye ubavu wa mashine, kwa rangi ya mafuta, ile isiyofutika. Nikafikiri upesi. Mtu yeyote anaweza kuandika ubavuni. Nikitaka anikumbuke na amchague mke wangu, nimpe kitu cha pekee. Nikamchorea fremu ya bati, wazi upande mmoja. Jina la Tajiri linabaki juu daima. Jina la hospitali linaandikwa kwenye kibao chake, kinaingia kwenye fremu kama droo. Ukikosea jina, unachomoa tu!

Afisa aliugeuza mchoro huku na huku. Akatoka nje kupiga simu. Aliporudi uso wote ulikuwa meno. Akauliza kibao kinaweza kubadilishwa haraka? Nikasema kufumba na kufumbua. Akauliza, hata ndani ya gari? Nikasema hata gari likiwa linakimbia!

Akasema nimewaokolea mambo mengi sana. Papo hapo nikamtajia mke wangu. Papo hapo akamwandika. Nimeagizwa fremu moja na vibao sita.

Fremu moja? Atakuwa ameteleza ulimi. Sikutaka kumsahihisha mtu aliyefurahi.

Ijumaa, tarehe 7 Machi

Mazoezi. Nimemwandikia mke wangu hotuba ya shukrani, ukurasa mmoja na nusu, yenye maneno mazito. Pumzi yake ikaishia mstari wa kwanza. Nikaifupisha iwe aya. Ikaishia katikati. Tumekubaliana maneno matatu: Ahsante, Baba Mfadhili. Muuguzi amenifukuza, eti namchosha mgonjwa.

Habari njema: Bibi Tarumbeta amejitoa mwenyewe kwenye mashindano. Afisa alipopita kuwaona wagonjwa, mama yule alimwuliza kwa nini Tajiri hakununua feni za kutoa vumbi kiwandani. Afisa akaandika kitu na kusogea mbele. Nilifurahi. Kisha nikamwona mama yule anamvutia mke wangu shuka miguuni, na furaha ikapungua.

Jumamosi, tarehe 8 Machi

Amekuja! Mtu mdogo kuliko nilivyodhani. Mkono laini. Amenipa vidole viwili nikavishika kwa mikono yote. Alikuwa amevaa barakoa nyeupe, safi, na wote aliofuatana nao vilevile.

Mashine ikasukumwa kwa magurudumu hadi kitandani. Herufi zangu zilikuwa zinang'aa. Mke wangu akafungiwa mpira wa puani, mpigapicha akajiweka sawa, Tajiri akainama. Nikamkonyeza mke wangu. Akavuta pumzi ndefu, ya kwanza ndefu tangu Januari, akamtazama Tajiri, akasema, “Barakoa zetu ziko wapi?”

Nilitamani ardhi inimeze. Bibi Tarumbeta akacheka hadi akashikwa na kikohozi. Lakini Tajiri alikuwa anaangalia kamera. Akatikisa kichwa kwa upole kama mtu anayeombewa dua, akampapasa bega, taa ikamulika, kwisha. Picha haina sauti! Tumepona!

Jumapili, tarehe 9 Machi

Tumetoka gazetini. Mdomo wa mke wangu uko wazi, na chini wameandika kwamba mgonjwa anamshukuru mfadhili kwa machozi. Nimenunua nakala na kumpelekea shemeji. Amefungia vipande vya sabuni ya kunyolea.

Hayo si kitu. Kitu ni hiki: mke wangu amelala. Chali! Nimemkuta mchana ameondoa mito miwili, mdomo umefumba, kifua kinapanda na kushuka taratibu. Nimekaa kwenye stuli saa nzima nikimwangalia tu. Nilisahau jinsi alivyo akilala. Alipoamka akaniambia nimejikata kidevu, na kwamba herufi zimenyooka. Nikamwuliza kama sasa anakubali kwamba mpango ulikuwa mzuri. Akasema, “Acha nipumue kwanza, Fundi.”

Jioni alimwomba muuguzi ampe Bibi Tarumbeta zamu ya mashine. Nilipinga. Wakaniambia niende zangu nyumbani.

Jumatatu, tarehe 10 Machi

Dereva wa Wakfu amekuja na karatasi. Mashine inakwenda hospitali ya pili.

Nikasema hospitali ya pili ina yake. Akasema mashine ni hii, hakuna nyingine. Nikamwonyesha jina la hospitali yetu. Akasema ndiyo, ameambiwa hicho kibao kinachomoka.

Alijaribu, kikagoma. Rangi niliipaka nzito ikavimba kwenye fremu. Akaanza kuking'oa kwa bisibisi. Sijui ni shetani gani alinipanda. Nilishindwa kuvumilia kuona kazi yangu inaharibiwa! Nikamwambia aache, nikapaka sabuni pembeni, nikakivuta polepole, kikatoka bila mchubuko. Nikamwingizia kile cha hospitali ya pili mwenyewe. Dereva akanisifu, na mimi nikatabasamu. Mungu wangu, nilitabasamu.

Nilipogeuka, muuguzi alikuwa anamrudishia mke wangu mito. Mke wangu alicheka kidogo. Akasema mwaka huu ndoo imekuja na magurudumu. Bibi Tarumbeta hakucheka.

Nililia chooni. Kama jina lingekuwa ubavuni, kwa rangi ya mafuta, wangeisukuma vipi kwenda kwingine na jina letu? Swali hili linanirudia na silitaki.

Alhamisi, tarehe 13 Machi

Siku tatu mlangoni kwa Wakfu. Juzi nilijifanya fundi wa kukagua herufi. Jana nilijifanya mwandishi wa gazeti. Leo sikujifanya kitu, nilisema mke wangu hapumui vizuri. Hilo ndilo walilolikataa upesi zaidi.

Afisa alitoka dakika moja. Si mtu mbaya. Macho yake yalikuwa mekundu. Akasema zilikuwa ziagizwe mashine sita, kisha wakubwa wakauona mchoro wangu. Akasema hakujua. Nami nikasema sikujua. Tukasimama pale, wawili tusiojua.

Hospitalini wamerudi kupokezana mtungi. Mke wangu alinishika kidole na kuniomba nisimwandikie hotuba nyingine.

Jumamosi, tarehe 15 Machi

Amefariki asubuhi, kabla zamu yake ya mtungi haijafika. Bibi Tarumbeta alikuwa ameshamwachia zamu zake mbili, moja baada ya nyingine.

Sina la kuandika.

Jumanne, tarehe 18 Machi

Tumemzika Jumapili. Shemeji alininyoa kabla ya mazishi, pande zote mbili. Alinikata kidevuni, nikamwacha aendelee.

Wakfu umeleta shada la maua. Kubwa! Katikati pana utepe wenye jina la Tajiri kwa herufi za dhahabu, na jina la mke wangu limeandikwa kwa kalamu kwenye kikaratasi, limebandikwa kwa gundi. Kikaratasi kilianguka kabla hatujafika kaburini. Shemeji alitaka kulitupa shada zima. Mimi niliangalia kazi tu. Kazi mbovu! Mtu wa hadhi ile hawezi kuaga watu hivyo.

Leo nyumba imenishinda kwa ukimya, nikaenda kibandani, na wazo likanijia lenyewe. Shada la kudumu, la bati, maua ya rangi. Juu jina la mfadhili. Chini fremu, wazi upande mmoja. Wafiwa wakishamaliza, unachomoa tu! Wakiliona hili hawawezi kunikatalia mlangoni. Nikishaingia ndani, nitawaomba mashine irudi kwa Bibi Tarumbeta, ambaye usiku na mchana sasa anakaa kwenye mito minne, pamoja na ule mmoja wa mke wangu. Mpango hauna kasoro. Afisa nitamwona Jumatatu.

Nimetengeneza sampuli. Nilihitaji jina la kujaribia, nikaandika la mke wangu. Herufi zimenyooka. Limeingia barabara.

Sasa halitoki. Nimevuta mpaka vidole vinauma. Itakuwa rangi, nimeipaka nzito tena. Kesho nitakuja na sabuni.