Kwato za Mpira

"Jini kafukuzwa kazi!"

Wembe huyo, kinyozi, ametoka mbio kibandani kwake, simu mkono mmoja, mashine ya kunyolea mkono wa pili, na nyuma yake kamwacha mteja kitini, kichwa nusu kipara nusu kichaka. Ilikuwa saa nne asubuhi na benchi la nje ya kibanda cha Fundi Soli lilikuwa limeshapata watu wake. Benchi lenyewe lina miguu mitatu na tofali. Upande wa tofali hukaa Karani, mstaafu aliyegonga mihuri ofisini miaka thelathini, maana yeye peke yake anajua kukaa bila kutikisika. Upande wa pili hukaa Bi Mkaa, muuza makaa wa jirani, ambaye birika lake la kahawa halishuki jikoni mpaka jua lizame. Fundi Soli hakai benchini. Yeye yuko kwenye kigoda chake, kiatu cha mtu mapajani na misumari midogo mdomoni, anagonga huku anasikiliza.

"Jini gani tena?" Bi Mkaa aliuliza, macho kwenye birika.

"Wa *Kwato Ghorofani*! Habari imetoka sasa hivi. Sikilizeni." Wembe akasoma kwa sauti ya kutangaza msiba. "'Kufuatia malalamiko ya watazamaji juu ya sehemu ya pili ya filamu hiyo, mtayarishaji amekiri kwamba jini alipwaya. Mwigizaji ana matatizo ya magoti. Leo saa nane mchana wataanza kuwajaribu majini wapya.'"

Fundi Soli nusura ameze msumari.

Jini mwenyewe, wote pale wanamjua, ni shemeji yake: mke wa kaka yake mkubwa, mshonaji wa nguo, duka lake mtaa wa pili. Na kwato za jini, wote wanajua vilevile, ni kazi ya mikono ya Fundi Soli. Wasijue vipi, na hapo ukutani kapaka rangi nyekundu: FUNDI SOLI: VIATU NA KWATO ZA FILAMU.

"Fundi, utatusamehe," Wembe alisema, "shemeji yako tunamheshimu. Lakini ile filamu juzi ilinivunja moyo. Mimi nilikwenda kuogopa! Nilijiandaa. Nilimwambia mke wangu nikirudi asinizimie taa. Nimerudi nimelala fofofo mpaka asubuhi. Huo si wizi?"

"Ulilala hata mle ukumbini," Bi Mkaa alimkumbusha.

"Nililala kwa hasira."

Karani akakohoa. Karani akikohoa anaomba nafasi ya kuzungumza, mazoea ya vikao. "Tuanze na sehemu ya kwanza. Jini ulimwona?"

"Thubutu! Nani alimwona?"

"Hakuonekana hata ukucha. Tulisikia tu kwato kwenye sakafu ya mbao, ko, ko, ko, zinapanda ngazi. Mimi, mtu mzima, nilishika mkono wa mtu nisiyemjua."

"Ulikuwa mkono wangu," alisema Bi Mkaa, "na alama ya kucha zako ninayo."

"Sasa sehemu ya pili! Wamemtoa jini kwenye nyumba ya mbao, wamempeleka hotelini, vigae vinang'aa mpaka unajiona. Jini anafika mapokezi. Anapewa kitabu cha wageni. Na anaandika! Jina, saa ya kuingia, sababu ya kuja."

"Aliandika sababu gani? Mie hapo nilikuwa nimelala."

"'Binafsi.'"

"Mungu wangu!"

"Ila mwandiko wake mzuri," Karani alikubali. "Hapo sina lawama."

Bi Mkaa akamimina kahawa, kikombe kwa kila mtu. "Mimi nilichoka pale alipokaa kitandani akaanza kusimulia utoto wake. Eti alinyimwa mapenzi na mama. Nusu saa! Jamani, mimi nina majirani wawili wananisimulia utoto wao kila siku ya Mungu, na sijapiga ukelele hata mara moja."

"Na yule kijana? Sehemu ya kwanza kakabwa mle chumbani, kaponea chupuchupu. Sehemu ya pili anasikia mlio mle mle, anakwenda kufungua mlango! Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Huyu kaumwa na nyoka, anautandika ung'ongo alalie!"

"Mganga je? Si alikufa?"

"Kaja pacha wake."

"Mwenye kovu lile lile?"

"Kovu nalo pacha, bwana, usiulize sana."

Walicheka mpaka benchi likalia. Fundi Soli hakucheka. Mtu mwenye misumari mdomoni hapati kuulizwa mbona hucheki, na asubuhi ile aliishukuru misumari yake mmoja mmoja. Alikuwa anaomba moyoni wamalizie kwa mganga, wasifike kule.

Wakafika.

"Lakini yote hayo ningesamehe," Wembe alisema, akainuka, "kama si magoti. Jini anapita ukumbi wa hoteli, taa zinazimika moja moja, moyo wangu umeanza kupiga, nasema haya sasa, ndiyo hii. Mara..." Akatembea mbele ya benchi, mikono mbele kama anayetafuta swichi gizani. "Nyii. Nyii. Nyii. Watu wakaangua kicheko! Jini ana magoti ya mlango mbovu!"

"Watoto wanamwimbia," Bi Mkaa alisema, safari hii bila kucheka. "Jana walipita dukani kwake, nyii, nyii, nyii. Kafunga dirisha, na joto lile."

Nyundo ya Fundi Soli ikatua kwenye kidole gumba. Hakupiga kelele. Aliona kastahili.

Maana mambo yalikuwa hivi. Zile kwato za kwanza alizichonga kwa mti mgumu, nzito, zenye mlio. Upigaji picha ulipokwisha, kaka yake akamwita aje amwone shemeji yake. Alimkuta miguu ndani ya beseni la maji ya chumvi, visigino vimechunika, anacheka. "Usihuzunike, shemeji," alimwambia. "Miaka ishirini nimekaa kitako nashona. Siku moja nikasimama, wapiga picha wote wakataka kukimbia. Visigino vitapona." Sasa fundi wa viatu aone kisigino kimechunika kwa kazi ya mikono yake, kisha alale usingizi? Kwato za sehemu ya pili zilipoagizwa, akakata mpira laini wa kandambili, akaugandisha chini ya kila kwato, taratibu, kwa huruma tupu. Hakumwambia mtu. Kwenye udongo hapa nje alizijaribu mwenyewe, zikawa kimya kabisa, akafurahi. Vigae vya hoteli hakuna aliyemtajia.

"Lakini mie kuna jambo linanitatiza," Bi Mkaa aliendelea. "Nilimwuliza jana, shoga, haya magoti yamekuanza lini? Akaniambia, mtayarishaji alisikia mlio, akauliza unatoka wapi, nami nikamjibu ni magoti yangu, uzee huo. Nikamwambia, shoga, wewe unapanda ngazi za dukani kwako mara kumi kwa siku na sijasikia goti lako likisema hata salamu. Akanigeuzia mgongo, akakanyaga cherehani."

Nyundo ikasimama.

Fundi Soli akaona jambo zima, na akaona na haya yake. Juzi, filamu ilipokwisha na majina yakaanza kupanda kwenye pazia, shemeji yake alimpiga kiwiko cha mbavu. "Tazama, tazama pale." Pale paliandikwa: *Kwato: Fundi Soli*. Ndiyo mara ya kwanza jina lake kuandikwa mahali pasipokuwa ukutani kwake. Yule mama alijua mlio unatoka wapi, alikuwa anaukanyaga! Akausingizia mwili wake, ili jina la shemeji yake lisichekwe. Na leo saa nane wanampa mtu mwingine ujini wake.

Akatema misumari yote kiganjani.

"Si magoti," alisema.

"Nini?"

"Si magoti. Ni soli. Niliweka mpira chini ya kwato."

Wote watatu wakamtazama.

"Mpira?" Wembe alisema polepole. "Jini umemvisha kandambili?"

"Alichunika visigino."

"Jini, Fundi! Jini! Jini ana visigino gani?"

"Mwili ni wa shemeji yangu."

Karani akakohoa kwa muda mrefu kuliko kawaida. "Hapa panahitajika barua. Mtayarishaji, kumbukumbu namba, yahusu: kukiri kosa. Nakala kwa..."

"Barua ifike lini, na jini mpya anapatikana saa nane?" Bi Mkaa alifoka. "Fundi, namba yake si unayo? Mtumie sauti. Sasa hivi, kabla moyo haujarudi nyuma."

Fundi Soli akaangalia ukuta wake, rangi nyekundu bado mpya. Kesho herufi zile zitachekwa na watoto wale wale. Sawa. Akatoa simu, akabana kidole gumba kilichovimba pale kwenye alama ya kipaza sauti, akaisogeza simu mdomoni.

"Mtayarishaji, habari za kazi. Ni mimi Fundi wa kwato. Yule mama magoti yake mazima. Mlio ni mimi, niliweka mpira wa kandambili chini ya kwato bila kumwuliza mtu. Alikudanganya ili kunisitiri. Usimwondoe. Niondoe mimi." Akanyamaza, kidole bado kimebana, anatafuta neno la mwisho na halimjii.

Wembe alirudi kukaa benchini. Hata yeye alitazama chini. Lakini Wembe na kimya hawajawahi kulala nyumba moja.

"Umefanya la kiume, Fundi, hilo nakupa. Lakini tusemezane ukweli. Yule mama, kwa mpira, bila mpira, hatishi tena. Jini ukishamjua ni mteja wa mtaani hakutishi. Mimi hata aje hapa saa hii, na kwato zake, asimame mbele yangu, nitamwambia karibu kahawa..."

"Wembe," sauti ilisema sikioni mwake, chini, ya taratibu. "Sogea nikae."

Ukelele uliotoka pale, wapita njia wa mtaa wa pili wanausimulia mpaka leo. Ulianza juu, ukapanda. Wembe aliruka, mashine ya kunyolea ikaenda kwake na kikombe kikaenda kwake, tofali likachomoka, benchi likaanguka, na Karani aliyekaa miaka thelathini bila kutikisika akaishia ndani ya gunia la makaa la Bi Mkaa. Bi Mkaa alibaki wima, kashika birika kwa mikono miwili, anaomba dua.

Nyuma yao alisimama Shemeji, futi ya kitambaa shingoni, rundo la sare za shule mikononi mpaka kidevuni, na miguuni kwato. Mtaa mzima wa udongo kaupita asisikike na mtu.

"Msinitazame hivyo. Mikono ilijaa, ningezibebaje?" alisema. "Fundi, nimekuja uning'olee mpira. Nataka na mimi niende saa nane kujaribiwa, mwanamke mwenye magoti mabovu."

"Shemeji," Fundi Soli aliuliza, "uko hapo tangu lini?"

"Tangu magoti." Akamtazama, akatabasamu kidogo. "Wewe nawe, domo huna kazi nalo mwaka mzima, siku unayolifungua unalifungulia yote."

Hapo ndipo Fundi Soli alipogundua kidole chake bado kimebana. Akakiachia. Simu ikasema *fyuu*, na ujumbe ukaenda na kila kilichomo: kukiri kwake, majigambo ya Wembe, ukelele, birika, dua, vyote.

Alikuwa bado anaitumbulia macho simu yake ilipolia. Akaiweka wazi wote wasikie.

"Fundi!" ilikuwa sauti ya mtayarishaji, anahema. "Kumetokea nini huko? Huyo kaona nini?"

"Jini, bosi. Shemeji yangu."

"Alikuwa na kwato?"

"Ndiyo, bosi."

"Zile za mpira? Mbona sikusikia hatua hata moja? Nasikia watu wanaongea, mara wanakufa!"

"Kwenye udongo hazisikiki, bosi. Zinalia kwenye vigae tu."

Walisikia mtu akigonga meza huko aliko.

"Achana na vigae. Achana na hoteli. Sehemu ya tatu tunapiga picha kwenye udongo. Mwambie shemeji yako asiende popote, nawafuta hao wa saa nane. Na wewe usiguse huo mpira, umenisikia? Usiguse!"

Shemeji aliketi juu ya rundo la sare zake. Alinyoosha miguu mbele, akazitazama kwato zake moja baada ya nyingine, machozi yakamtoka huku anacheka.

"Jambo moja la mwisho," mtayarishaji alisema. "Nahitaji mtu wa kukabwa mwanzoni. Huyo dada aliyepiga ukelele, sijapata kusikia ukelele kama ule. Yuko hapo? Anaitwa nani?"

Karani, mweusi tii, alichomoza kichwa kutoka kwenye gunia. Bi Mkaa akageuka. Fundi Soli akageuka. Shemeji akafuta machozi kwa kanga, naye akageuka.

Wembe aliokota mashine yake chini, akaipuliza vumbi, akarekebisha kola.

"Nina mteja," alisema, na akaingia ndani kummalizia kichwa.