Kuku wa Shukrani na Seva Mpya

Alhamisi, 27 Februari

Fomu imefika ofisini, hapa shamba la maua, Usa River. Mafunzo ya seva mpya ya baruapepe. Nafasi moja tu! Mwombaji awe na msingi: ameendesha seva ya zamani? Anajua mitandao? Anajua kuhifadhi nakala na kuzirejesha? Ndiyo, ndiyo, ndiyo. Kazi yangu hasa ni kubadilisha wino wa printa. Tekla, anayeitunza seva yetu mwaka wa nne sasa, kwenye mitandao ameandika "kiasi". Maskini, mkweli mno! Meneja, Bwana Frederick, kanichagua mimi.

Jumapili, 2 Machi

Aibu. Mama kanisimamisha mbele ya usharika, Kikwe, na kuku wa shukrani mkononi, akatangaza kwamba mwanawe sasa ni mtaalamu. Niliinamisha kichwa, wakadhani nasali. Kwenye mnada wa sadaka baada ya ibada, Tekla, naye msharika wa hapo, akamnunua yule kuku, akamrudishia Mama. Na shikamoo, na pongezi juu. Sikuwa na pa kuweka uso.

Jumatatu, 3 Machi

Mafunzo, mjini. Mwalimu Reginald alikuwa amesoma fomu zetu. Akasema kwa kuwa mimi najua yote, niwaeleze wenzangu jinsi ya kurejesha barua zilizopotea. Nikashika koo, nikanong'ona kwamba sauti imekauka. Akanipa kalamu ya ubaoni! Nikaandika tarehe. Nikaipigia mstari. Watu kumi na wanne wakangoja.

Wakati wa chai akaniita pembeni, kwa upole, na upole huo ndio ulioniuma. Alisema seva ya shamba inahamishwa Jumamosi. Asiye na msingi akiigusa, oda zote za maua zinapotea. Kesho aje anayejua. Nilikaa mgahawani Daraja Mbili mpaka saa kumi, nisionekane nikirudi mapema.

Jumanne, 4 Machi

Nimemwambia Bwana Frederick koo limezidi, aende Tekla. Tekla kaniachia tangawizi mezani, ya koo. Nimeona haya mpaka masikio yakawaka.

Jumatatu, 10 Machi

Seva imehama salama. Hakuna oda iliyopotea. Tekla kapigiwa makofi. Nimepiga kwa nguvu kuliko wote, macho chini. Nimeapa: sidanganyi tena kwenye fomu.

Saa tisa ikaja fomu nyingine. Mafunzo ya mitambo ya chumba cha baridi. Umewahi kuiendesha? Nyumbani nina friji. Ndiyo.

Nimempigia Mama. Kuku bado yupo.