Rudisheni Jina la Ruthanne Mlikolitoa

Mheshimiwa Sherifu Cantrell,

Kwanza nikiri jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote: mate yaliyoleta balaa hili ni yangu. Niliyatuma kupimwa vinasaba kwa ajili ya kazi ya baiolojia, kisha nikaruhusu polisi wayatumie. Mnamo Mei, ukaja barazani kwetu kusema kwamba msichana aliyeokotwa amekufa na wakata miti mwaka 1979, akazikwa kanisani kwetu bila jina, huenda ni Ruthanne, mdogo wake Babu Harlan. Ninalalamika kama ifuatavyo.

1. Mmetuharibia sadaka. Kila Mei, siku ya kupamba makaburi, Bibi Delphia alilisafisha kaburi lile na kuliwekea maua ya plastiki. "Maskini, hana watu wake huyu," alisema, kwa sauti ya kufika madhabahuni. Mwaka huu amelipita kama anayepita mbwa mkali. Mgeni alipata maua miaka arobaini na mitano. Ndugu hakupata hata jani.

2. Mmetupokonya Detroit. "Ruthanne yuko Detroit anafunga milango ya magari kiwandani, katusahau yule," ndivyo Mjomba Verlin alivyosema kila Krismasi. Tulimchukia kwa bidii. Mama yake alipofariki, shangazi zangu walisema, "Hata kumzika mamake hakuja!" Kumbe alikuwa hatua kumi na tano kutoka kaburi la mamake, amewahi kufika kuliko sisi sote.

3. Wataalamu wenu wa nasaba hawana adabu. Wageni wawili, kuanzia mate yangu, walipanda na kushuka ukoo wetu harusi kwa harusi, tangazo la kifo kwa tangazo la kifo, mpaka akabaki mmoja asiye na tangazo. Walimtafuta miezi minne. Sisi wa damu yake hatukumtafuta hata alasiri moja. Mnataka watu watufikirie nini?

4. Mnamsumbua mzee. Mnasema bila mate ya kaka yake jina halithibitiki, na bila jina hamwezi hata kuanza kuuliza nani alimuua. Babu alishakujibu: "Mate yangu ni yangu, Sherifu. Nayatema nitakapo." Akayatema, pamoja na tumbaku, ndani ya kopo lake.

Kwa hiyo naomba mlirudishe jina hilo mlikolitoa. Ikishindikana, mfukueni mkamzike Detroit, ili familia yetu isiwe ya waongo.

Msalimie mkeo, naibu wako, na wale wageni wawili ambao hawakuchoka.

Ni mimi, mlinzi wa heshima ya ukoo,
Maribeth Stidham
Darasa la Kumi na Moja

N.B. Nilimpa Babu barua hii aikague, kwa kuwa amesemwa humo. Aliisoma barazani, akairudia namba mbili, akavua kofia. "Umekosea, mjukuu wangu," akasema. "Si hatua kumi na tano. Ni kumi na mbili. Nilikwenda kuzihesabu." Basi Sherifu, njoo kesho asubuhi na kile kijiti chako cha pamba cha kuchukulia mate. Tangu aisome hajatia tumbaku mdomoni, anataka mdomo uwe safi. Nami nimeliosha kopo lake, nimelijaza maua ya msituni, nimelipeleka kaburini. Kisha nimekuletea barua hii kwa miguu.