Jinsi Nilivyombadilishia Mama Elise Ndege Nikiwa Bwera

Jumatatu, 4 Agosti

Habari kubwa! Mama Elise anaenda Ubelgiji. Binti yake Yvette anakaribia kujifungua mtoto wa kwanza, kamtumia mama yake tiketi. Atapanda ndege Entebbe, atashuka kwenye uwanja mkubwa sana kule Uarabuni, atatafuta ndege ya pili, apande tena. Na hajawahi kupanda hata ya kwanza! Alitoka Butembo, Kongo, juu ya lori, miaka ile, na tangu hapo anauza unga wa muhogo sokoni Mpondwe.

Kibanda chake ndicho cha kwanza ukivuka kutoka Kongo. Hakuna anayepita bila kukiona. Leo amesema mbele ya watu: atakayemsaidia kuielewa safari hii, huyo atauzia kibandani mpaka yeye arudi. Mimi nauza chaja na kava za simu kwenye meza, nyuma ya choo cha soko. Nikasimama. Nikasema viwanja vya ndege navijua.

Si uongo. Entebbe nimefika. Nilisindikiza mizigo ya mchungaji, mpaka pale magari yanapoegeshwa.

Achille wa duka la fotokopi akasema naye anavijua. Alisema kwa Kifaransa, ili asikike msomi. Mama Elise akajibu kwamba atatusikiliza wote wawili, kisha ataamua. Achille! Huyo hata kwenye pikipiki anafumba macho.

Jumanne, 5 Agosti

Siku nzima natazama video za uwanja ule. Sijauza hata kava moja. Nani angeuza? Kuna sakafu inayotembea yenyewe! Watu wamesimama juu yake kama magunia, nayo inawapeleka. Kuna treni ndani ya nyumba. Kwa nini treni ndani ya nyumba? Nyumba hiyo ina ukubwa gani? Kutoka hapa mpaka Karambi?

Mke wangu Jolly akauliza ndege ya pili inaondokea geti gani. Nikamwambia hayo ni mambo madogo.

Nimetunga sheria mbili. Ya kwanza: usiulize mtu, maana anayeuliza anajulikana kuwa mgeni. Ya pili: mfuate abiria mwenye begi zuri, maana huyo ameshasafiri.

Jumatano, 6 Agosti

Mazoezi uani kwangu. Sakafu inayotembea: nikatandika turubai, Mama Elise akasimama juu, mimi na shemeji yangu Kambale tukavuta. Akaanguka. Akacheka. Halafu akashika kiuno, hakucheka tena.

Achille alikuwa anachungulia juu ya ua. Akapaza sauti kwamba mama aangalie tu herufi na namba kwenye ubao. Herufi! Ingekuwa herufi tu, nani angepotea duniani?

Mama Elise akaniuliza: na kama mwenye begi zuri anaenda kwingine? Swali zuri. Nikasema turudie turubai.

Ijumaa, 8 Agosti

Nimempeleka Kasese, kwenye uwanja wetu mdogo wa ndege, apate kuzoea mazingira. Ndege haikuwepo. Kulikuwa na majani na upepo wa mlimani. Nikampangia: mimi ndege ya kwanza, mti ule ndege ya pili, kimbia! Mama Elise akakimbia, begi kichwani. Safi kabisa.

Askari akatokea.

"Wewe! Simama hapo! Wewe nafanya nini hapa?"

"Afande, tunabadilisha ndege."

Akageuka huku na huku. "Ndege iko wapi?"

Nikamweleza yote. Uso ukalegea. Akauliza kama ni kweli choo cha ndege kinamwaga huko huko angani. Nikasema bado nachunguza. Akauliza tena: ndege ya pili inajuaje kwamba watu wa ile ya kwanza wamefika? Tukatazama juu wote watatu. Hilo sikuwahi kuliwaza. Ni swali la maana sana! Halafu afande akakumbuka kazi yake, akatufukuza.

Jumapili, 10 Agosti

Baada ya misa Mama Elise amepanda basi la kwenda Kampala. Kwake huu si mchezo. Yvette alizaliwa wakati wa vita, na mama mzazi wa Mama Elise alikuwa upande mwingine wa barabara iliyofungwa, hakufika. Mama Elise akazaa peke yake. Ameapa kwamba kwa Yvette haitakuwa hivyo.

Mlangoni mwa basi alinishika mkono. "Papa Yafesi, nikipotea kule, mutoto wangu atazala peke yake. Unajua ile njia kabisa, eh?"

Nikasema najua kabisa. Nikala ndizi mbili palepale.

Jumatatu, 11 Agosti

Niandike polepole.

Kabla ya mchana simu ikalia, simu ya video. Mama Elise! Ameshashuka ndege ya kwanza. Soko zima likanizunguka. Akasema ameifuata sheria ya pili: alimfuata bwana mmoja mwenye begi la ngozi mpaka bwana yule akaingia choo cha wanaume. Sasa amesimama mlangoni. Afanye nini?

Nikamwambia asubiri, huenda kuna mlango wa pili.

Achille akapiga kelele: ubao, Mama, tafuta ubao! Nikamsukuma kwa kiwiko. Hapo ndipo nikaiona nyuma ya Mama Elise: ile sakafu! Inatembea kweli! Nikamwomba asogeze simu. Akasogeza. Nikamwomba aikanyage. Akaikanyaga, hakuanguka! Soko likapiga makofi. Nikamwomba arudie, tuone inaishia wapi. Inaingia chini, kama nyoka shimoni! Nikaomba dari. Nikaomba treni. Maskini, akapanda treni. Ikampeleka, ikamrudisha. Tulitaka tu kuona inageukia wapi. Haigeuki! Ina vichwa viwili! Hata Achille aliacha kusukumana, akauliza dereva anakaa kichwa kipi.

Mama Elise akasema, "Papa Yafesi, beko banaita watu wa Bruxelles. Minasikia, Bruxelles, kwa Yvette."

Nikasema sawa, sawa, ila kwanza atuonyeshe yale maduka.

Jolly akaninyang'anya simu. Hata hakunitazama. "Mama Elise, simama hapo. Piga kelele, uliza watu kama uko sokoni. Na hii simu uzime. Zima!"

Ikazimwa.

Watu wakatawanyika mmoja mmoja. Tukabaki mimi na Achille na meza ya chaja. Akaniuliza, kwa Kiswahili safari hii, kama Mama Elise amefika. Nikasema sijui. Ni kweli, sikujua kitu.

Mchana kutwa kimya. Simu yake haipatikani. Sikula. Kila nikifumba macho naona mlango wa choo cha wanaume, na Mama Elise amesimama pale na begi lake, anangoja.

Jumanne, 12 Agosti

Amefika! Amefika!

Yvette mwenyewe amempigia Jolly. Mama Elise alisimama katikati ya uwanja ule, akaita kwa Kinande, lugha ya kwao Butembo na Beni, kwa sauti ileile anayouzia unga: nani anaenda Bruxelles? Wanafunzi wawili wa Beni wakageuka kutoka kwenye foleni ya kahawa. Wakamshika mikono, wakakimbia wote watatu. Waliingia mlango ukiwa unafungwa.

Mtoto amezaliwa leo asubuhi. Msichana. Bibi yake alikuwa pale pale, ameshika mkono wa Yvette, anaimba. Nimelia kidogo nyuma ya meza. Achille akanipa kitambaa. Nilikipokea, lakini sikumshukuru.

Mama Elise aliongea na Jolly kwa muda mrefu. Mimi nilisalimiwa. Kibanda amempa Jolly.

Alhamisi, 14 Agosti

Nimewaza kwa utulivu. Kibanda kiko kwa Jolly. Jolly yuko kwangu. Kwa hiyo nimeshinda! Achille amekosa kabisa. Jolly hajaniruhusu kuweka chaja humo, amesema kwanza nijifunze kunyamaza mtu anapotafuta njia. Sikuelewa anamsema nani.

Jioni akaja Baluku, fundi wa pikipiki kutoka Muhokya. Amepata visa ya Kanada. Atabadilisha ndege mara mbili. Amesikia kuna mtu Bwera aliyemfikisha mama mmoja Ulaya bila hata kuinuka kwenye meza yake.

Nikamwambia ni mimi. Nikamvutia kiti.

Akaniuliza kama njia ya Kanada ndege hubadilishwa chini au hewani.

Nikamwambia inategemea.

Kesho asubuhi nitatafuta inategemea nini.