Plagi Niliyoitundika Relini

Jumatatu, 3 Machi
Swichi imejikata tena! Kila nikiwasha friza, kisanduku cha umeme cha gatini kinalia tap, na boti yangu inabaki bila umeme. Barafu imekuwa uji. Wateja wote wamehamia kwa jirani, Tai Refu, anayeuza barafu amevaa tai. Barafu! Na tai! Fundi umeme wa gati alipima, akasema friza langu linavujisha umeme na swichi inafanya kazi yake. Mimi naona inafanya kazi ya Tai Refu.

Jumanne, 4 Machi
Akili ni nywele, kila mtu ana zake. Nimeunga waya nyuma ya kisanduku, nikairuka swichi, nikaupitisha chini ya mbao za gati hadi kwenye friza. Kiungo nimekifunga mfuko wa nailoni. Barafu ngumu kama jiwe! Mke wangu akauliza mbona waya unagusa maji. Nikamwambia waya nao huona kiu. Hakucheka. Baadaye bata alipita chini ya gati, akaruka ghafla akipiga kelele. Nimeamua kutomfikiria bata.

Alhamisi, 6 Machi
Balaa. Kesho shemeji, mdogo wake mke wangu, anazama kusugua matumbo ya boti. Utaratibu wa hapa ni mmoja: mzamiaji akiingia majini, kila boti inachomoa plagi na kuitundika kwenye reli ya ukingo wa gati, aione kwa macho yake. Umeme ukivuja majini mwili hukakamaa, mtu akazama kimya. Fundi aliyasema hayo akinitazama mimi. Kwa nini mimi? Lakini hoteli imeagiza barafu yangu yote ya Jumamosi. Nitatundika plagi ya pasi iliyoungua, friza liendelee kugandisha. Nani atajua?

Ijumaa, 7 Machi
Shemeji alipita relini akishika plagi moja moja. Ya Tai Refu aliigeuza mara mbili, nikafurahi kidogo. Akafika kwangu, akacheka.

"Yako siikagui, shem. Nitamwogopaje mume wa dada yangu?"

Akazama. Alianza na boti ya Tai Refu. Nikatazama mapovu yake. Yakaanza kuja upande wangu, polepole. Nilitaka kusema, nikaikumbuka hoteli. Nilitaka kuchomoa, lakini waya nimeuunga mwenyewe, hauna cha kuchomoa! Mapovu yakasimama chini ya friza langu. Niliogopa kuliko siku zote nilizoishi. Nikakimbilia swichi kuu, nikaishusha. Gati lote likazimika, ofisi nayo. Watu wakatoka wakiuliza kuna nini. Nikasema nimeona mamba.

Shemeji alitoka hima akisugua mkono. Alisema umekufa ganzi, labda ni baridi. Mke wangu akautazama waya, kisha mimi. Akachukua kisu, akaukata, akautupa kwenye pipa la taka.

"Yule ni mtoto wa mama yangu," alisema.

Nimeapa mbele yake kwamba sitarudia. Barafu yote imeyeyuka. Hoteli imenunua kwa Tai Refu.

Jumapili, 9 Machi
Shemeji ameleta samaki kunishukuru kwa kumwokoa na mamba. Mke wangu aliondoka mezani. Shemeji akasema kuanzia leo kwenye boti yangu hatatazama hata reli, kwa kuwa mimi ndiye macho yake. Nikaona tena yale mapovu yamesimama. Nilikaribia kumwambia ukweli, kweli kabisa.

Halafu nikafikiri. Kama hatazami, hata plagi ya pasi sina haja nayo! Na kosa halikuwa waya, lilikuwa mfuko mmoja. Mke wangu alipokwenda kwa mama yake, nikauokota waya pipani. Safari hii nimefunga mifuko miwili.

Barafu imeanza kushika. Bata sijamwona tena.