Kumtafutia Taratibu Kasoro

Jumatatu, 4 Mei

Nimeamua. Wiki hii nanunua farasi. Mke wangu kauliza kwa hela ipi. Nikamjibu kwa akili. Amecheka mpaka akaweka sahani chini.

Sababu ni binti yangu. Miaka minne amempanda farasi wa klabu, yule mzee mwenye masikio yaliyolegea, na wiki iliyopita mzee kastaafishwa kwa ajili ya magoti. Timu ya vijana inafunga orodha Jumatatu ijayo. Asiye na farasi wake, hana nafasi. Binti hajalia wala hajanuna. Amepiga buti zake rangi, akazipanga mlangoni kama mtu mwenye safari. Afadhali angenuna.

Na bei zimeingiwa na wazimu! Farasi anayesimama ukimwambia simama, bei yake ni ya nyumba. Wa bei yangu nimewaona wawili. Wa kwanza aliuma tangazo la kuuzwa kwake, pamoja na kidole cha aliyelishika. Wa pili, muuzaji alimsifia upole. Kweli mpole. Tulimkuta amelala, tukamwacha amelala.

Lakini mimi ni fundi makochi. Nina stepla, nina sponji, nina kichwa kinachochemka. Tutaonana.

Jumanne, 5 Mei

Nimempata! Anaitwa Taratibu. Miaka sita, rangi ya chai ya maziwa, doa jeupe kwenye paji. Yuko nje ya mji kwa mwanamke mmoja anayefunza farasi. Watu wote wanamwita Mama Farasi. Mwembamba, sauti ndogo, viganja vigumu kama vya seremala. Leo nimemkuta anamzoesha mtoto wa farasi blanketi. Analiweka mgongoni, analitoa. Analiweka, analitoa. Saa nzima! Hakuna kelele, hakuna fimbo. Mwishowe yule mtoto wa farasi akapiga mwayo. Mimi nimesimama pale mdomo wazi. Sijawahi kuona subira ya namna ile, na nimeoa mwanamke mvumilivu.

Bei ya Taratibu imeandikwa kwa chaki kwenye mlango wa banda. Nimeisoma mara mbili, ya pili kwa miwani. Ileile. Nikaanza kupatana. Mama Farasi akasema yeye hapatani. Ila ana sharti lake la miaka yote: mnunuzi anapewa siku tano za kuja kumsugua farasi na kumpanda. Akimwonyesha kasoro ambayo yeye mwenyewe haijui, anafuta chaki na kuandika bei nyingine.

Kasoro! Mimi, ambaye mke wangu anasema sijawahi kusifu chakula kabla ya kulalamikia chumvi! Kanipa ushindi mkononi.

Binti alikuwa anamsugua. Kasema Taratibu anakunja ngozi akiguswa mgongoni upande wa kushoto. Nimemwambia ni inzi.

Jumatano, 6 Mei

Mpango wa kwanza: mwavuli. Farasi wote wanaogopa mwavuli, hilo halina ubishi. Nimeazima ule mweusi wa mama mkwe, unaofunguka kwa kishindo (mama mkwe mwenyewe hana habari). Nikajificha nyuma ya pipa la maji. Binti akapita na Taratibu. Nikaruka. Paa!

Taratibu akanitazama. Akaja. Akaingiza kichwa chini ya mwavuli, akatulia humo kama abiria anayengoja basi kwenye mvua. Aliyetimua mbio ni mbwa wa Mama Farasi. Karudi saa kumi jioni, na hanitazami usoni.

Nilidhani nitafukuzwa. Wapi! Mama Farasi kasema wa kwake wa mazoezi umechakaa, na huu wangu una kishindo kizuri, je, ninaweza kumwachia siku mbili tatu? Kumbe alianza kumzoesha Taratibu miavuli tangu akiwa na miezi minane. Nimeuacha. Watu watatu waliokuja kutazama farasi wengine wamepiga makofi. Sikuyafurahia.

Alhamisi, 7 Mei

Mpango wa pili: kelele. Nimebeba debe la misumari ya makochi na plastiki ya mita sita ya kufunikia viti. Plastiki nikaitandaza njiani. Taratibu akaikanyaga, akapita. Akarudi akaikanyaga tena. Nadhani anaupenda mlio wake. Basi nikalitikisa debe kwa nguvu zangu zote mpaka mfuniko ukaruka. Misumari uwanja mzima! Nimeiokota kwa magoti hadi alasiri, kwa sababu kwato si kitu cha kuchezea. Na yeye kanifuata hatua kwa hatua, akinipulizia shingoni. Jamani, nampenda huyu mnyama. Ni aibu kuandika, lakini nampenda.

Nikainua kichwa, nani yuko langoni? Shemeji! Kaka wa mke wangu, dalali wa magari, anayenunua kitu ukishakitamani wewe. Kasikia mjini kuna farasi asiyeshtuka hata akitikisiwa debe na kichaa. Kichaa mwenyewe ndiye mimi. Yaani nimemtangaza kwa misumari yangu! Shemeji anataka kumnunua amuuze kwa bei mara mbili. Mama Farasi kamwambia angoje, siku zangu zinaisha Jumamosi. Nimemshukuru kimoyomoyo.

Binti kaleta tena habari za mgongo wa kushoto. Ati leo hakuna inzi hata mmoja. Nimemwambia baba ana mambo mengi kichwani.

Jumamosi, 9 Mei

Siku ya mwisho. Mpango wa tatu, mkubwa kuliko yote: mimi mwenyewe. Hakuna farasi anayemvumilia mpandaji mbaya, na mimi sijawahi kupanda kitu kirefu kuliko ngazi ya karakana. Watu kama ishirini. Shemeji langoni na kikombe cha kahawa.

Nimepanda kwa upande usiofaa. Nimevuta hatamu huku na huku. Nimepiga chafya sikioni mwake. Taratibu akaenda mwendo wa bibi harusi. Nilipoteleza kulia, akasogea kulia kunikinga. Kushoto, akasogea kushoto. Hatimaye nikaanguka peke yangu, bila msaada wa mtu, na mkono ukaingia chini ya mguu wake wa mbele. Niliiona ile kwato juu ya vidole vyangu vitano vya kazi. Ikaganda hewani. Hakuishusha mpaka nilipoutoa mkono.

Nimelia. Mbele ya shemeji, nimelia! Nikamwambia Mama Farasi kwamba huyu hana kasoro, kwamba aliyemfunza hivi anastahili kila senti ya ile chaki, na kwamba mimi nimeshindwa. Sikumtazama binti. Sikuweza.

Yeye akaja amebeba tandiko alilolitoa mgongoni mwa Taratibu. Akamweleza Mama Farasi yale aliyokuwa akiniambia tangu Jumanne, akaligeuza tandiko chini juu. Mama Farasi akapitisha kiganja upande wa kushoto. Akaniita na mimi niguse. Ah! Pamba ya ndani imeshikana bonge, kama kochi lililokaliwa na mtu mmoja miaka kumi. Ningelijua hata nikiwa nimefumba macho. Nilikuwa nimelikalia muda mfupi tu kabla ya hapo.

Mama Farasi akamwomba Taratibu radhi kwanza. Kwa sauti, mbele ya watu wote. Kisha akasema kasoro si ya farasi, ni ya kwake yeye, na hakuijua, kwa hiyo sharti ni sharti. Akafuta chaki kwa mkono wa shati, akaandika bei nyingine. Bado ilitushinda. Nikasikia shemeji anameza kahawa.

Ndipo akauliza, nani siku hizi anajaza matandiko upya, maana anayo kumi na moja na yote ni ya umri huohuo. Binti akaninyooshea kidole. Mimi nikageuka nyuma kutazama anamnyooshea nani.

Tumepeana mikono. Matandiko kumi na moja yanaziba pengo, na Taratibu ni wetu. Binti hakupiga kelele. Aliweka paji lake kwenye lile doa jeupe, wakakaa hivyo muda mrefu. Nikatazama pembeni, vumbi la pale ni jingi mno.

Jumatatu, 11 Mei

Jina la binti limo kwenye orodha. La saba. Buti hazipo mlangoni.

Niko karakana na tandiko la kwanza. Nimetafakari kwa makini ni nini kilichotupa ushindi. Ni mwavuli. Bila mwavuli Mama Farasi asingenijua ni mtu wa aina gani. Mke wangu kasema ni binti. Nimekubali kwamba binti alisaidia.

Jumatano, 13 Mei

Sasa tunahitaji tela la kumsafirishia Taratibu kwenda mashindanoni. Mwenye kuuza ni nani? Shemeji! Bei ya kukomoa. Nimemwekea sharti: nikimwonyesha kasoro asiyoijua, anapunguza. Kakubali mbele ya dada yake, huku anacheka. Acheke tu. Hajui anashindana na nani.

Nimeufuata mwavuli kwa Mama Farasi. Bado sijagundua tela linaogopa nini, lakini nitagundua.

Binti kalizunguka mara moja, akainama, akaja mbio kuniambia jambo kuhusu mbao za sakafu, ati upande wa kushoto zimeoza. Nimemwambia angoje kidogo, baba anapanga.